Tahadhari kwa Mpanda Kilimanjaro: Kiongozi Wako Huenda Akawa Mwanamke

Umelipia siku saba za njia ya Machame. Umenunua viatu, soksi nene na kofia ya sufu inayokufanya ufanane na mwizi wa benki. Hatari moja tu hawakukuambia. Ukifika langoni asubuhi utawaona wanaume wenye vifua vipana wakifunga mizigo, nawe utamchagua aliye mrefu kuliko wote, umpe mkono na kumwita kiongozi. Huyo ni mpishi. Kiongozi mkuu ni yule dada mfupi pale kwenye mizani, anayebishana na mtu kuhusu kilo mbili.

Usitaharuki. Vuta pumzi maadamu bado ipo ya kutosha.

Kwanza mwache amalize ubishi wake, maana unakuhusu. Sheria ya hifadhi inataka mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, usizidi kilo 20. Begi huning'inizwa kwenye ndoano, mshale unatulia, watu wanapita. Wajanja hupimisha begi jepesi, kisha wakishaipita kona ya kwanza humwongezea kilichobaki kijana mgeni wa kazi, asiyethubutu kulalamika. Kiongozi wako naye alianza kwa kubeba, kwa hiyo kona hiyo anaijua, na atakuwa amesimama hapohapo akisubiri. Akifungua mfuko na kutoa tikiti maji zima, usimtetee mwenye tikiti.

Pili, kuna maswali ya kuacha mjini. "Umeolewa?" ni moja. "Watoto umemwachia nani?" ni jingine. Likikuwasha sana, anza kwa kumuuliza mpishi; huenda naye ana watoto, na atashangaa kwamba kuna mtu anayetaka kujua. Usiulize pia kama mlima si mzito mno kwa mwanamke. Kule Machame, kwenye vijiji unavyovipita garini ukisinzia, wanawake wamebeba majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi kichwani tangu usichana wao, wakipanda na kushuka makorongo ya mlima huohuo. Hakuna aliyesema ni kazi ya kiume, kwa kuwa hakuna aliyeilipia.

Ugumu wenyewe uko langoni kuliko kileleni. Kazi ya mlima hupatikana kwa kujuana: kaka anamvuta mdogo wake, mjomba anamkumbuka mpwa. Kijana wa kiume akisimama pale na begi lake, siku moja ataokotwa na kundi lenye upungufu wa mtu. Binti akisimama palepale ataambiwa arudi nyumbani akamsaidie mama. Katika kazi hiyo haingii mpaka apate mwanamke mwenzake aliyekwisha kuingia.

Ndiyo maana utawaona mabinti wawili wakimfuata kiongozi wako kwa karibu, wakisikiliza kuliko kusema. Usidhani ni wapwa zake waliokuja kutembea. Mmoja ni mgumu, na mwingine ni msaidizi wa kiongozi anayetafuta leseni ya kuongoza mwenyewe. Wanafundishwa mambo yasiyomo katika kijitabu chako: hema la wanawake hudaiwa ofisini kabla ya kuondoka mjini, si kuombwa saa nne usiku kambi ya Shira, pedi za siku zote hufungwa mahali pakavu, na zilizotumika hurudishwa chini. Tena bosi anayeahidi safari ijayo kwa masharti ya usiku, jina lake wanaambiana wanawake wote wa mlimani kabla hajashuka. Somo refu kuliko yote ni kumwambia mteja aliyelipa maelfu ya dola, kwa Kiingereza na bila kutetemeka, kwamba safari yake imeishia hapa.

Somo hilo litatolewa juu yako. Mtaondoka kambi ya Barafu usiku wa manane, mkiwa mmekwisha kupita mita 4,600, na kilele kiko mita 5,895. Atakukumbusha kuyapuliza maji yarudi ndani kila ukimaliza kunywa, yasigande kwenye mpira wa kunywea. Kisha, bila sababu unayoiona, atakuuliza mama yako anaitwa nani. Jibu haraka. Ukisitasita atakumulika usoni, atakutaka utembee hatua chache kwa mstari ulionyooka, na yule msaidizi atasogea asikilize kifua chako, kwa maana anaonyeshwa tofauti ya uchovu na maji kwenye mapafu. Wakikwambia mnageuka, usiangaze macho gizani ukitafuta mwanaume wa kumkatia rufaa. Wote waliopo wanamwita kiongozi.

Wako wanaojipa moyo kwamba haya ni mambo ya siku hizi na yatapita. Mwanamke Mwingereza, Sheila MacDonald, alifika kileleni mwaka 1927. Mwaka 2021 mwanamke Mtanzania, Rawan Dakik, alisimama juu ya mlima Everest wenyewe. Subira yao naona itakuwa ndefu.

Jambo la mwisho ni bakshishi, na hapa wengi waliojitahidi wiki nzima huharibu. Mkishashuka lango la Mweka, mtu mmoja mwenye kifua kipana atajisogeza, akitabasamu, tayari kupokea bahasha zote "kwa niaba ya timu". Usimpe. Taja hadharani fungu la kila mtu, mabinti wale wawili wakiwemo, kila mmoja apokee kwa mkono wake. Ukitaka kumwona bosi, ni yule dada mfupi. Yuko kwenye mizani tena, anapima takataka mlizoshuka nazo.