Vazi Linalomdai Mvaaji: Mavazi ya Wachechen, Kuanzia la Nane Hadi la Kwanza

Chechnya iko kusini kabisa mwa Urusi, kwenye miteremko ya kaskazini ya milima ya Kaukazi, ambako baridi haina masihara na mtu. Ungedhani watu wa huko wangejitupia chochote chenye joto, mradi wasigande. Wapi! Wachechen walijishonea mavazi ambayo kila kipande kina deni lake: ukikivaa, unadaiwa tabia fulani, na jamii nzima inakuangalia kama utalipa. Hapa nimevipanga vipande vinane, kuanzia chenye deni jepesi hadi chenye deni zito kuliko vyote. Mpangilio ni wangu, bisha upendavyo. Ila namba moja sisogei hata hatua.

8. Buti laini la ngozi

Tuanzie chini tupande juu. Buti la asili la mwanamume wa mlimani ni la ngozi laini, limeubana mguu barabara, wala halina soli ngumu ya kugonga gonga. Kwenye majabali linamwezesha kukanyaga bila kelele. Kwenye ngoma linamwezesha kusimama juu ya ncha za vidole na kuzunguka kwa kasi ya kutia kizunguzungu. Deni lake ni wepesi. Kijana anayeburuza miguu ugenini hamalizi wiki kabla hajapewa jina la utani.

7. Verta, joho la sufu

Hili ni joho zito la sufu iliyoshindiliwa, lenye mabega mapana, linaloshuka hadi karibu na vifundo vya miguu. Jirani zao Waandi, huko Dagestan, ndio waliosifika zaidi kwa kulitengeneza, na katika kijiji cha Rakhata kazi hiyo ingaliko. Ni kazi ya wanawake: wanaiosha sufu, wanaichambua, wanaitandaza tabaka juu ya tabaka, wanaimwagia maji ya moto, kisha wanaiviringisha na kuikandamiza kwa mikono hadi nyuzi zishikamane zisiachane tena. Upande wa nje huachwa manyoya marefu yanayoning'inia, na mvua ikinyesha huteleza kama maji juu ya jani la myugwa.

Mpanda farasi alijifunika yeye na mgongo wa farasi wake. Usiku verta ilikuwa kitanda, blanketi na hema, vyote kwa bei ya kimoja. Mwenzake akijeruhiwa, alibebwa juu yake. Hapo ndipo deni lilipo: verta yako si yako peke yako. Mchoyo wa verta aende akalale na kondoo, ambao sufu yao wanayo tayari.

6. Chokhib

Hili ndilo vazi ambalo ukiona picha ya mtu wa Kaukazi unalitambua mara moja: koti refu lisilo na kola, limebana kiunoni, chini limepanuka ili mvaaji aweze kupanda farasi, na mikono yake mipana hukunjwa juu. Ndani yake huvaliwa ghovtal, shati zito lenye kola iliyosimama na vifungo vya uzi uliosokotwa. Shambani na nyumbani ghovtal inatosha. Kwenye baraza la wazee au ugenini, chokhib ni lazima.

Wageorgia, Wasirkasi, Waoseti na watu wa Dagestan nao wana vazi la namna hii, kila mmoja kwa mkato wake. Utamu wa kisa uko kwa majeshi ya tsar wa Urusi. Wakozaki wa mto Terek, waliopigana na Wachechen miaka na miaka, waliishia kuvaa nguo hiyo hiyo kama sare yao, na Tsar Nicholas II mwenyewe alipigwa picha akiwa ameivaa. Adui anapokimbilia kwa fundi wako wa nguo, vita vya kupendeza umeshavishinda.

Chokhib inamdai mtu asimame wima. Imekatwa hivyo kwamba ukijikunja, yenyewe inakusema. Na wenye vitambi, pole zenu: kiuno chembamba kilikuwa sifa ya mwanamume kama ilivyokuwa sifa ya mwanamke.

5. Bustamash, mirija ya kifuani

Kila mgeni anauliza: hivyo vijiti vilivyopangwa kifuani ni vya nini? Si kalamu, ndugu yangu. Zamani za gobori, kila mrija wa mti au mfupa ulitiwa baruti iliyokwisha kupimwa pamoja na risasi yake. Mpiganaji hakuwa na haja ya kupima baruti huku farasi anakwenda mbio: alichomoa mrija, akamimina, akashindilia, akafyatua. Mirija ya pembeni, iliyo karibu na kwapa, iliweza kutiwa vijiti vikavu vya kuwashia moto.

Risasi za kisasa zilipofika katika karne ya 19, mirija haikuwa na kazi tena. Je, waliing'oa? Thubutu! Waliitia vifuniko vya fedha na kuiacha pale pale kifuani. Deni la bustamash ni kuwa tayari, na utayari hauna tarehe ya kuisha.

4. Mkanda na jambia

Mkanda wa mwanamume ni wa ngozi nyembamba, una vipande vya fedha na vikanda vidogo vinavyoning'inia. Hukazwa sawasawa, kwani mkanda uliolegea ni dalili ya mtu aliyelegea. Mbele yake huning'inia jambia lililonyooka, lenye makali pande zote mbili. Mafundi wa Atagi, kusini ya Grozny, mji mkuu wa Chechnya, walisifika Kaukazi nzima kwa visu na panga zao.

Sasa sikiliza jambo ambalo watengenezaji wa filamu hulikosea kila mara. Jambia halikuvaliwa ili lichomolewe. Lilimdai mwenyewe kuchunga ulimi, kwa sababu katika nchi ya kisasi cha damu, tusi moja liliweza kuzigharimu koo mbili vizazi kadhaa. Kulichomoa kwa hasira ndogo ilikuwa aibu. Watu wote barazani wana majambia, kwa hiyo watu wote barazani wana adabu. Jaribu kutukana hapo uone utakavyokumbuka ghafla kwamba una safari.

3. Ghabali na mkanda wa fedha wa mwanamke

Hapa tutulie, maana fundi alitulia pia. Ndani mwanamke huvaa kanzu ndefu yenye mikono ya kubana. Kifuani, kuanzia shingoni hadi kiunoni, hushonewa tuydargash: vifungo vya fedha vilivyopangwa jozi jozi, kimoja kikiwa ndoana na kingine kitanzi, vingi vikiwa vimenakshiwa kwa rangi nyeusi na kupakwa dhahabu. Juu yake huja ghabali, vazi la hariri au mahameli lililo wazi mbele makusudi, ili fedha ile ionekane, lenye mikono mirefu inayoshuka kama mabawa. Kiunoni hukazwa mkanda wa fedha wenye bizimu kubwa iliyopambwa kwa mawe. Mafundi wa Kubachi, Dagestan, walikuwa mabingwa wa kazi ya fedha, na kazi yao ilisafiri milima yote.

Bibi harusi huvaa hivyo na kusimama kimya pembeni mwa chumba wakati sherehe inaendelea. Ndugu wa bwana harusi humwendea, wakamtania, wakamwomba maji ya kunywa, kila mmoja akitafuta neno la kumfungua kinywa. Yeye kimya. Anayedhani ukimya huo ni unyonge ajaribu kuchekeshwa na ukoo mzima bila kutikisa hata kidevu.

Mkanda ule mama humwachia binti, na binti humwachia binti yake. Kisha ikafika tarehe 23 Februari 1944. Stalin aliwahamisha Wachechen na jirani zao Waingushi wote, karibu watu nusu milioni, katika mabehewa ya mizigo hadi Kazakhstan na Kirgizia. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, baridi na maradhi, na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1957. Ugenini huko, fedha ya bibi iliuzwa kipande kipande kwa unga. Ndiyo maana familia yenye mkanda wa zamani leo haiuonyeshi kwa majivuno. Deni la mkanda huu ni kumbukumbu: umeshika kilichonusurika, kwa hiyo kinusuru na wewe.

2. Kofia ya manyoya

Usiiguse. Narudia: usiiguse, hata kwa utani, hata kama ni ya rafiki yako wa kufa na kuzikana. Kofia ya manyoya ya mwanakondoo ni heshima ya mwanamume iliyowekwa mahali pa juu kabisa pa mwili wake, na kumwangusha mtu kofia lilikuwa tusi la kumwaga damu. Mgeni huingia nayo nyumbani, hukaa nayo, hula nayo.

Ukitaka shahidi, mwite Makhmud Esambayev, mcheza ngoma aliyezaliwa Atagi mwaka 1924. Wenzake walipohamishwa mwaka 1944, alikwenda nao na akacheza katika jumba la opera na baleti la Kirgizia. Baadaye alizunguka dunia akicheza ngoma za mataifa mbalimbali, zikiwemo za Hispania na India, na mwaka 1974 akapewa cheo cha Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovieti. Katika vikao vya Moscow alikaa na kofia yake kichwani, na inasimuliwa hadi leo kwamba hata picha ya pasipoti yake ilipigwa akiwa ameivaa. Dola iliyowapakia watu wake katika mabehewa ilibidi ijifunze kutazama chini ya kofia hiyo. Deni lake: usifanye jambo litakalokulazimisha kuivua.

1. Kortali, kitambaa cha kichwani

Chepesi kuliko vyote, na kinashinda vyote. Mila ya Wachechen inasema hivi: wanaume wakipigana, hata majambia yakiwa yameshachomolewa, mwanamke akivua kitambaa chake na kukitupa kati yao, vita vimekwisha. Kwa sababu kumwona mwanamke kichwa wazi mbele ya watu ni aibu kubwa, na aibu hiyo inawaangukia wanaume waliomfikisha hapo, si yeye. Atakayeendelea kupigana amejivunjia heshima mbele ya ukoo wake na wa adui. Mirija ya baruti, jambia la Atagi, kofia ndefu: vyote vinasalimu amri kwa kipande cha hariri.

Ndiyo maana yaliyotokea Grozny mwaka 2010 yananiuma. Wanaume ndani ya magari waliwafyatulia risasi za rangi wanawake waliokuwa barabarani bila vitambaa, na kiongozi wa Chechnya, Ramzan Kadyrov, akawasifu kwenye televisheni. Katika mila, nguvu ya kortali inatoka kwenye mkono wa mwanamke anayeamua kukivua ili kuokoa uhai. Kumlazimisha kwa bunduki, hata ya rangi, ni kuigeuza mila miguu juu kichwa chini, na anayefanya hivyo asijiite mlinzi wa utamaduni.

Basi ukipata kuwaona Vainakh, kundi la ngoma lililoanzishwa mwaka 1939, wakipanda jukwaani, usiishie kushangilia miruko ya wanaume. Tazama jinsi mwanamume anavyojichunga asiguse hata pindo la ghabali ya anayecheza naye. Na ukialikwa nyumbani kwa Mchechen, kula ushibe, sifu mkanda wa bibi, na kofia ya mwenyeji iache pale ilipo.