Lupanga Ananiangalia

Anayetaka kupima subira yake asihangaike kuoa. Akacheze gofu Morogoro. Uwanja wa Gymkhana (jina lake tu lina harufu ya mkoloni) uko chini ya Uluguru, na kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kimeinama juu yake kama mama mkwe anayehesabu vijiko.

Pigo langu la kwanza juzi lilichimba udongo wa kutosha kupanda mgomba. Mpira ulibaki pale pale, ukinitazama. Wa pili ulikwenda vichakani. Nikaambiwa kuna nyoka, nikausamehe.

Balaa kubwa liko karibu na shimo. Macho yanaapa kwamba ardhi inainama kulia. Kedi wangu, kijana mpole, akaninong'oneza: "Bosi, hapa kila kitu kinakimbia mlima." Sikumsikiliza, mimi nimesoma kitabu. Mpira ukaukimbia mlima, ukaelekea mjini, nadhani ulikuwa unawahi basi la Dodoma.

Kufikia shimo la tano nilikuwa na mapigo 41. Niliandika 33, nikatoa manane ya mwinuko.

Kule St Andrews, Uskoti, wanajisifia shimo la mchanga waliloliita Jehanamu, kwenye njia ya shimo la 14. Moja tu! Yangu natembea nayo ndani ya mfuko wa fimbo mgongoni. Mgongoni mwa kedi, samahani.

"Wiki ijayo, bosi?" akauliza, akipokea ujira wake.

Nikautazama mlima. Ulikuwa umejifunika wingu usoni.

"Saa moja kamili."