Shukrani kwa Kamera

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani,
Harambee House, Nairobi.

KUH: OMBI LA KUENDELEA KUTAZAMWA TUKIIBIWA

Mheshimiwa,

Sisi wakazi wa Eastlands tunashukuru. Baada ya shambulio la Westgate la 2013 lililoua watu 67, Serikali haikuzubaa. Mwaka uliofuata iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9, zikaja kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Ukigawanya, kila kamera inakaribia milioni 8.3. Najua, msemaji wako atasema humo mna redio za askari na mitambo ya mawasiliano. Haya, tuondoe nusu. Bado jicho moja linanunua Probox kadhaa.

Na faida tunaiona. Zamani mtu aliporwa simu barabara ya Tom Mboya bila kumbukumbu yoyote. Siku hizi anaporwa kwa picha safi.

Kule Monrovia, Liberia, hawakujaliwa werevu huu. Watafiti walikusanya wanaume 999, wengi wao wezi na wauza mihadarati, wakawagawa makundi kwa kura. Kundi moja lilikaa na washauri wiki 8, baadhi ya washauri wenyewe wakiwa wamewahi kuishi maisha hayohayo. Walifunzwa kumeza hasira, kunyoa, kuvaa vizuri, kuingia benki bila woga. Kisha wakapewa dola 200. Gharama yote ilikuwa takriban dola 530 kwa mtu. Miaka 10 baadaye, waliopata mafunzo pamoja na pesa walikuwa bado wanafanya karibu nusu tu ya uhalifu wa wenzao waliokosa vyote.

Lakini tuwe wakweli, Mheshimiwa: hapo utepe utaukatia wapi? Pesa za kamera moja zingepitisha vijana zaidi ya 100 kwenye mpango kama huo, na kandarasi nzima zaidi ya laki mbili. Tatizo ni kwamba kijana aliyeacha kuiba hana mkandarasi. (Hata taa za mulika mwizi, ambazo sisi tunazipenda kweli, zina afadhali: mlingoti unapigika picha hata balbu ikiwa imeungua.)

Tunazisifu pia kamera za vituoni kwa adabu zao. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, iliieleza Seneti kwamba mfumo wa kamera wa kituo ulikuwa umevurugwa. Raia anatazamwa mchana kutwa. Askari akitaka faragha, anaipata.

Hatuombi kamera zing'olewe. Tunaomba ukurasa mmoja tu: uhalifu uliokuwepo katika mitaa yenye kamera kabla hazijafungwa, uliopo sasa, na shilingi zilizotumika kati ya hapo. Uhalifu ukiwa umepungua kwa sababu ya kamera, tutapiga makofi. Kama hakuna aliyewahi kupiga hesabu hiyo, basi bei ya kamera 10 zijazo ipelekwe kwa vijana wa Mathare na Kayole, kabla bajeti ya Juni haijasomwa.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi anayeonekana vizuri