Shemeji Hakupita Baharini

Kwa mujibu wa ramani, shemeji yangu aliiacha lami ya Toure Drive jijini Dar es Salaam, akaingia baharini na gari lake, akaibukia karibu na Daraja la Tanzanite bila hata kulowa. Kwenye daraja lenyewe sina ubishi. Tangu 2022 magari yanapita juu ya maji pale kihalali. Kabla ya hapo, hapana.

"Shemeji," alinijibu, "gari hili sijalipeleka hata kuoshwa, leo nilitie baharini?"

Kifaa kilichorekodi safari hiyo kilikuwa cha kujiundia: Arduino Uno, moduli ya GPS aina ya NEO-6M na kadi ya kumbukumbu, vyote ndani ya kisanduku cha sabuni. Nyaya zilichomoza pembeni kiasi kwamba konda mmoja wa daladala alinihamishia kiti cha nyuma kabisa, eti kwa usalama wa abiria. Kazi ya kifaa ilikuwa kuandika tulipo kila sekunde. Kikawa kinaandika, kinanyamaza, kinaandika tena, na programu ya ramani inaunga vipande kwa mstari ulionyooka, pawe na bahari, pasiwe.

Kila mtu alikuwa na tiba yake. Jirani, fundi redio, alisema ni antena. Mke wangu alisema setilaiti zina chuki na kaka yake. Mpwa wangu, msomi wa kompyuta, alisema kifaa ni kivivu, akakiongezea kasi: nukta tano kwa sekunde. Jioni hiyo shemeji akavuka Mto Msimbazi pasipo daraja.

Setilaiti hazina kosa. Tatizo ni domo. NEO-6M, kwa kasi yake ya kawaida ya biti 9600 kwa sekunde, hupitisha herufi 960 hivi kwa sekunde, na haisemi mahali ulipo tu. Inatuma mistari ya mahali na saa, GGA na RMC, kisha mistari ya GSV inayotaja setilaiti zote zilizo juu yako, kila moja iko upande gani na inasikika vipi. Ni sawa na kumwuliza mzee njia ya sokoni, akaanza kukuhesabia nyota. Bafa ya Uno, yaani kikapu cha kupokelea herufi, ni baiti 64, hujaa kabla hujapepesa jicho. Kadi nayo ikizubaa kidogo inapoandika, na huweza kuzubaa hata robo sekunde, herufi zinamwagika, tarakimu za uhakiki mwishoni mwa mstari hazilingani, na mstari mzima unatupwa. Kwa nukta tano za mpwa wangu, hata waya wenyewe ulielemewa.

Nikaiamuru moduli ibaki na RMC pekee: saa, tarehe, mahali na kasi. Bafa nikaipandisha hadi 256, kwa tahadhari, maana Uno nzima ina kilobaiti 2 na maktaba ya kadi inajichukulia baiti 512. Nukta nikazirudisha kuwa moja kwa sekunde. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea mita 17 hivi kwa muda huo. Kwenye foleni ya Dar es Salaam halisogei kabisa. Amri hizo hutumwa kila kifaa kinapowashwa, kwa sababu moduli ikikaa bila umeme husahau yote na kurudia porojo zake.

Nawe ukiona nukta zinapotea, usikimbilie dukani kununua antena. Zima GSV kwanza; hela iliyobaki nunulia mihogo ya kukaanga.