Jiwe Linaloelea, na Risiti Ipo

Bwana mmoja wa huku Litein amechimba bwawa mbele ya nyumba, akatamani mayungiyungi. Akautazama udongo wa shamba lake, ule mwekundu mzito unaonata kwenye gambuti hadi mtu anarefuka, akaudharau: huo ni wa majani chai. Akaagiza kokopiti kutoka Pwani na pamisi, yale mawe mepesi ya volkano, kutoka upande wa Naivasha. Akajaza ndoo, akapanda, akazamisha. Kufikia jioni kokopiti inaelea, pamisi inaelea, na yungiyungi lenyewe limekuja juu kusalimia wageni. Jiwe linaelea, jamani, na mtu amelilipia nauli!

Wiki iliyofuata akaja na dawa: samadi mbichi, na juu yake konzi mbili za NPK 26:5:5 iliyobaki baada ya kuwekea chai. Mwani ukashukuru. Maji yakawa kijani kushinda shamba, na harufu yake tusiiseme.

Yungiyungi halina makuu. Linataka udongo mzito wa mfinyanzi, usio na samadi wala takataka zinazooza, ushindiliwe vizuri, kisha kokoto juu usitibuke. Udongo wenyewe Kericho na Bomet tunaukanyaga bure. Mvua ikinyesha tunamlipa boda ili tuukwepe.

Mzee wangu, hiyo kokopiti mpe mama aoteshee miche ya sukuma wiki. Jembe liko nyuma ya nyumba.