Hata Maiti Anapata Tatu

Jamani, nani aliwadanganya kwamba kazi ya ambulensi ni kukaa mbele na jaketi linalong'aa, madaladala yakupishe? Mimi nilidanganywa. Nikalipa ada ya kozi. Nikapewa mdoli. Hana miguu, hana mikono. Kifua na kichwa tu, mdomo wazi. Eti ndiye mgonjwa wangu, moyo umesimama.

Haya, bonyeza kifua. Kishuke sentimita 5, kisizidi 6. Mara 100 hadi 120 kwa dakika. Bonyeza 30, puliza 2, rudi tena. Magoti yanawaka, kiuno kinalia, kitambi kinanibana pumzi. Mdoli ana kitaa, ukipatia kinawaka kijani. Changu kimegoma. Pembeni yangu kabinti kembamba kama ufito kanabonyeza huku kanatafuna bigijii, kijani tupu!

Mwalimu akaniangalia, akanihurumia. Akasema basi lala chini, uwe majeruhi. Nikavalishwa kola ya shingo. Hapo anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri: moja, mbili, tatu, geuza! Nikageuzwa, nikawekwa kwenye ubao, nikabebwa. Hatua chache tu, nikatuliwa. Watu wanahema. Mwalimu akageukia darasa: "Mmeona kwa nini tunaita wasaidizi kabla ya kunyanyua?" Wote wakanitazama mimi.

Halafu kuna kipimo cha fahamu, kinaitwa Glasgow. Wanaangalia macho, maneno na mwili unavyosogea. Mzima anapata 15. Wa mwisho kabisa anapata 3, maana sifuri haipo. Hata maiti anapata 3! Nikafurahi, shuleni sijawahi kupewa alama za bure. Nikajitolea kupimwa. Macho 4, safi. Mwili 6, safi. Leo siku gani? Nikajibu kwa sauti, Jumanne. Darasa kimya. Ilikuwa Alhamisi. Maneno nikapewa 4 kati ya 5, kwamba nimechanganyikiwa. Ikaandikwa ubaoni, na jina langu.

Mtaani sasa naitwa dokta. Wananiletea presha zao, nami natikisa kichwa tu.

Ila jirani, hili lishike. Mtu akidondoka hapa mtaani, haitiki, hapumui vizuri, usimmwagie maji. Moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache, na foleni ya Ubungo haijali. Mmoja apige simu, wewe bonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, mpaka gari lifike. Usinisubiri mimi.