Mkaa Haujui Mkwe

Tangu juzi mtaa mzima hapa Ng'ambo, Tabora, unaniita Mzee wa Moshi. Anayeniita kwa sauti kubwa kuliko wote ni mama mmoja wa nyumba ya pili, na siwezi kumshitaki popote, maana ni mtani wangu: mimi ni Mzaramo na yeye Mnyamwezi. Babu zake walikuwa wakishuka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, babu zangu wakiwapokea kwa matusi, na ndio urithi tulioachiwa: ananitukana, nacheka, kisha ananiomba sukari.

Yote yalianzia kwenye chai ya jioni, nyumbani kwa mama mkwe. Mke wangu yuko sokoni, jiko limezimika, nami nikaona hapa ndipo mkwe anapojipatia jina. Mama mkwe akatoka amejifunika kanga, macho chini. "Acha, baba, kaa tu. Mgeni hawashi jiko."

"Pumzika, mama, hii kazi ndogo."

Akarudi nyuma ya pazia. Nikauliza mafuta ya taa yako wapi. Pazia likajibu kwamba nyumba hii iliacha kununua mafuta ya taa tangu yalipopanda.

Nikachana daftari kuukuu, nikalisokota chini ya mkaa, nikawasha, nikakamata pepeo. Karatasi iliteketea kwa shangwe. Mkaa ulibaki mweusi kama haukuhusika. Nikaongeza karatasi, nikapepea kwa nguvu zaidi, majivu yakapanda yakatua kwenye nyusi zangu na kwenye shuka zilizoanikwa. Sasa, kwa adabu za huku mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, kwa hiyo mama hakuweza kutoka kuninyang'anya pepeo. Alichoweza ni kukohoa. Kuna kikohozi cha moshi na kuna kikohozi cha ushauri, na mimi nilikuwa napata vyote viwili.

Mtani hana adabu hiyo. Kichwa chake kilitokeza juu ya ukuta.

"Mzaramo! Unarina asali?"

Nikanyamaza. Hapa ni nchi ya nyuki, swali lilikuwa la haki.

"Mtemi Isike mwaka 1893 aliwasha baruti yake mara moja tu, akaondoka na boma, na Wajerumani walisikia! Na baruti ndani yake mna mkaa. Wewe mwenzetu unashindwa hata kuchemsha maji?"

Nikapepea.

"Usiwe na haraka lakini. Livingstone alikaa hapo Kwihara tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi. Afadhali yeye alikuwa anangoja watu."

Mwishowe aliruka ukuta na magunzi ya mahindi mkononi na kopo la maziwa lililokatwa juu na chini. Akapanga magunzi katikati ya jiko, akayazungushia vipande vidogo vya mkaa vikigusana, akageuza kijimlango cha jiko kielekee upepo, akawasha, akasimika kopo juu yake. Kisha akakaa. Hakupepea kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo sina mazungumzo mengine ila ya mkaa. Wachoma mkaa huko porini hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na udongo, na kuyachoma huku wakiyanyima hewa kwa siku nyingi. Kwanza maji hutoka kama moshi mweupe, kisha hufuata gesi zile ambazo kwenye kuni ndizo zinazowaka. Ndimi za moto unazoziona kwenye kuni ni gesi, si mti. Tanuri likifunuliwa, kilichobaki ni kaboni karibu tupu, na haina ulimi wa kurukia kipande cha jirani. Kila kipande lazima kipashwe na mwenzake kwa kugusana. Kaa moja peke yake hupoteza joto haraka kuliko linavyolitengeneza, likafa. Na kopo je? Hewa ya moto hupanda ndani yake, ikipanda inavuta hewa mpya kupitia kijimlango cha chini, na kopo likirefuka mvuto unaongezeka. Ni jiko linalojipepea lenyewe! Pepeo ni la baadaye, kaa likishashika. Ukilitangulia unapoza tu kile kidogo ulichopata. (Na jiko hilo lisiingizwe chumbani mnamolala. Kaa linalobanwa hewa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala huruma.)

Lakini lile la mafuta ya taa halijanitoka. Kulikuwa na watu wakiyachanganya kwenye dizeli, uchakachuaji ule, na dawa iliyopatikana mwaka 2011 ilikuwa kuyapandishia ushuru. Mama mkwe hajawahi kumiliki lori, wala kituo cha mafuta, wala hata baiskeli. Akalipa yeye. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na kwa hilo sina neno, ingawa kila mpishi wa uani anajua ilikuwa inawasha jiko vizuri na kuharibu chai vizuri zaidi. Sasa mkakati wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Mtungi wa kilo sita mama anao, alipewa bure mkutanoni. Uko sebuleni, umevishwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Gesi iliisha. Mkaa anaununua kwa sado, siku mbaya kwa fungu, kwa hela ya leo kwa ajili ya leo. Ng'ambo nzima sijamwona muuza gesi anayekupimia gesi ya chai.

 

Leo nimeuvua mtungi maua yake, nikaupakia kwenye bodaboda kwenda kuujaza kwa hela yangu. Muuzaji akautazama rangi, akasema ya kampuni hiyo imemwishia na hawabadilishani na nyingine, nijaribu wiki ijayo. Tukarudi. Bodaboda amedai nauli ya watu wawili, mimi na mtungi, kwenda na kurudi.